Ukitaka kuunda vita vya Emajensi kwenye meza, kwanza tafuta shosho

Kama unatumia Thika Road, unawajua wale vijana wanaounda nganya ndogo. Sizungumzii magari ya plastiki ya kutoka Uchina. Nazungumzia zile zinazoundwa mtaani kwa kadibodi ngumu, mbao nyembamba na vipande vya akriliki, zenye grafiti ubavuni na taa za LED zinazowaka kweli. Mnunuzi wake haulizi kama inafanana na matatu. Anauliza kama inafanana na matatu ile anayoijua yeye: rangi ya mwaka huu, rimu zile, maandishi yale ya kioo cha nyuma. Ukikosea herufi moja utachekwa kutoka Roysambu hadi Makongeni.

Shika wazo hilo, kisha toa nganya uweke vita. Kuna watu kote duniani wanaounda vifaru, ndege na askari wadogo, wakaviweka juu ya ubao wenye matope, miti na nyumba, na kusimamisha hapo dakika moja ya historia. Kitu hicho kinaitwa diorama. Mmarekani Sheperd Paine aliandika kitabu kizima kuhusu kazi hiyo mwaka 1980, na somo lake kubwa ni kwamba lazima pawe na hadithi. Kifaru kikiwa peke yake ni kifaru tu. Mweke askari kando yake anayevua buti na kutazama malengelenge, hapo sasa mtu atasimama aangalie.

Mimi niko Ruiru, mwenzangu yuko Thika. Yeye ni fundi wa simu Makongeni, mimi naandika mitandaoni na kufanya vibarua vya hapa na pale. Kwa karibu mwaka mzima sasa tunaunda Emajensi. Ndiyo, ile ile ya Mau Mau, hali ya hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu wakisikia hivyo hucheka kwanza, halafu huuliza, "Na doo inatoka wapi hapo?" Jibu ni kwamba haitoki. Inaingia.

Tuanze na vipimo, kwa sababu bila hivyo hutaelewa wazimu wenyewe. Vifaru na askari wengi duniani huundwa kwa skeli ya 1/35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35. Hakuna hekima yoyote nyuma ya namba hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilikuwa ikitengeneza kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ukaamuliwa na betri zilizopaswa kuingia humo. Betri zikaamua, dunia ikafuata. Ndege nazo nyingi ni 1/72, kipimo cha Waingereza, ambapo inchi moja inasimamia futi sita. Kwa hivyo mtu wa mita 1.70 anakuwa karibu sentimita tano kwa 1/35, na kwa 1/72 hafiki hata sentimita mbili na nusu. Basi la mita saba kwa 1/35 ni sentimita 20, karibu sawa na zile nganya za barabarani. Mimi niliacha chuo, lakini hesabu ninazopiga siku hizi ni nyingi kuliko zote nilizowahi kulipia karo.

Sasa nenda dukani, au ingia mitandaoni utafute seti ya kuunganisha iliyoandikwa "Afrika". Utakachopata mara nyingi ni mchanga wa Libya na Misri, Wajerumani wa Rommel na Waingereza wenye kaptura. Waafrika ni nadra. Ukitaka askari wa King's African Rifles, wale babu zetu waliovuka bahari hadi Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, wenye alama ya kichwa cha kifaru begani, itabidi uchukue Mwingereza umkate kichwa. Namaanisha yule wa plastiki. Na ukitaka mpiganaji wa Mau Mau, utamkata kichwa, mikono, miguu na koti, ubaki na kiuno.

Hapo ndipo mwenzangu wa Thika alipata wazo lake. Ndege angeweza kuipata.

Wengi wa rika langu hawajui kwamba Thika iliwahi kuwa kambi ya ndege za vita. Mwaka 1953 Jeshi la Anga la Uingereza lilileta hapo kikosi nambari 1340 kutoka Rhodesia ya Kusini, kikiwa na ndege za Harvard. Harvard iliundwa kufundishia marubani wanagenzi. Ina viti viwili, mmoja nyuma ya mwingine, na injini moja. Walichofanya ni kuifunga bunduki ya rashasha na mabomu ya ratili 20, karibu kilo tisa kila moja, wakaituma juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Ncha za propela yake huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya sauti, ndiyo maana mngurumo wake ulikuwa wa kukwaruza masikio. Huhitaji kuiona kujua imekuja. Baadaye mwaka huo Eastleigh, ambapo sasa ni Moi Air Base, zikaletwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne zenye mabomu ya ratili 500 na 1,000. Lincoln ilikuwa na mabawa ya mita 36 na zaidi. Kwa 1/72 hiyo ni nusu mita. Bedsita yangu imekataa.

Harvard kwa 1/72 ina mabawa ya sentimita 18 hivi na urefu wa sentimita 12, na kampuni kama Airfix na Academy zimewahi kuitoa. Shida ni kwamba boksi moja si sawa na lingine. Toleo la Kimarekani la T-6G lilipunguziwa fremu za kioo cha rubani, ilhali Harvard za Waingereza zilikuwa na fremu nyingi. Kwa macho ya mpita njia, ndege ni ndege. Kwa mtu anayejua, ni kama kuweka kioo cha Hiace kwenye Nissan. Fundi wa simu hakuhangaika. Alichukua utepe wa shaba ule wanaotumia mafundi wa simu, akaukata vipande vyembamba kuliko uzi, akavipanga juu ya kioo kwa kibanio, akitazama kupitia ile lenzi yake yenye taa. Kazi ya jioni tatu.

Niseme hapa kitu ambacho nimekiamini kabisa: mafundi wa simu wa Kenya ndio wangekuwa mabingwa wa fani hii kama mtu angewapa nafasi. Vibanio vyembamba wanavyo. Mikono isiyotetemeka wanayo. Chuma cha kulehemu, wembe, kioo cha kukuza, subira ya kutafuta skrubu iliyoanguka kwenye zulia, vyote wanavyo tayari. Wazungu hununua vifaa hivyo kimoja kimoja kwa bei ya kuumiza.

Mimi upande wangu nilichagua ardhi. Ninaunda kijiji.

Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa Kati kutoka mashamba yao, ikawasongamanisha katika vijiji zaidi ya 800. Wazee wetu waliviita gichagi. Vibanda vilipangwa kwa mistari, vikazungushiwa seng'enge na handaki lililojaa vigingi vilivyochongwa ncha, na kando yake kukawa na kituo cha homugadi chenye mnara wa ulinzi. Amri ya kutotoka nje ingeweza kuwa ya karibu siku nzima. Somo la historia shuleni lilinipa aya mbili za haya, nikapata maksi, nikasahau. Lakini jaribu kuliunda uone. Ukisoma "handaki" unapita tu. Ukiliunda, kama lilikuwa na kina cha futi kumi, unapata sentimita 8.7 kwenda chini, na hapo ndipo unagundua kwamba stairofomu ya boksi la televisheni haitoshi. Unabandika vipande vitatu juu ya kingine. Kisha unaweka kando yake mtu wa sentimita tano mwenye jembe. Wanawake ndio waliochimba kwa sehemu kubwa. Unaangalia kile kishimo na kile kimtu, na hakuna kitabu kilichowahi kunieleza hivyo.

Ndege na kijiji vilituletea ugomvi. Mwenzangu alitaka Harvard yake ipite juu ya kijiji changu. Kuna mbinu halali ya kufanya hivyo: ukiweka kitu cha 1/72 nyuma ya vitu vya 1/35, kwa kuwa ni kama nusu ya ukubwa, jicho linadhani kiko mbali. Ingependeza, nakubali. Picha ya kuwekwa Instagram, ndege ya Thika juu na kijiji chini. Lakini tarehe zilikataa. Harvard zilikuwa Thika 1953, na kabla ya vijiji kuanza 1954 zilikuwa zimeshahamia Mweiga, upande wa Nyeri. Ndege ya Thika na kijiji cha gichagi havikuishi pamoja. Tulibishana kwa simu wiki mbili, bando zikaisha, mwisho tukaamua mbao mbili. Yake ina uwanja wa ndege, nyasi, mapipa ya mafuta na fundi wa ndege anayefuta mikono. Yangu ina matope.

Ubishi wa aina hiyo ndio utamu wa kazi hii. Kila kitu unachoweka ubaoni kinauliza kilizaliwa lini. Kahawa kwa mfano. Ruiru ni kahawa, hata kabla ya maghorofa ya kupangisha kuja. Kuna aina mashuhuri inayobeba jina letu, Ruiru 11, miti mifupi iliyobanana. Mtu wa Ruiru angetamani kuipanda kwenye diorama yake. Haiwezekani, ilitolewa 1985. Mwaka 1954 mashambani kulikuwa na SL28 na SL34, miti mirefu zaidi yenye matawi yaliyotawanyika, na juu yake mikima ya kivuli. Kwa hivyo matawi ya kahawa yangu, ambayo ni mizizi mikavu ya majani niliyong'oa kando ya reli, yana sentimita sita badala ya nne. Nani ataona? Mimi nitaona.

Mfano mwingine ni mtungi wa manjano. Sisi tunaona mwanamke na maji, akili inatuletea mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa na mafuta ya kupikia. Enzi hizo hakukuwa na kitu kama hicho. Kulikuwa na debe, bati la mafuta ya taa lenye pembe nne, na mitungi ya udongo na vibuyu. Debe kwa 1/35 ni sentimita moja ya urefu. Natengeneza kwa bati la kopo la soda, nakunja kwenye ncha ya rula, naweka uzi wa waya kuwa mkono. Nimetengeneza 14. Nane ni mazuri.

Bunduki ndizo zilinipa usingizi wa furaha. Wapiganaji wa msituni walikuwa na silaha chache za viwandani walizoteka, na nyingine walijitengenezea: bomba la maji likawa mtutu, komeo la mlango likawa nyundo ya kupigia risasi, mpira wa tyubu ukawa springi, na kitako kikachongwa kwa mti. Huko London makumbusho ya jeshi yanazo kadhaa kwenye kabati. Hii ni jua kali kabla ya neno hilo kuwepo, na mara nyingine iliweza kumlipukia mwenye kuishika. Sasa, bomba la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21. Ukigawa kwa 35 ni milimita 0.6. Nilitafuta waya, lakini waya hauna tundu, na mtutu bila tundu ni kijiti. Ndipo dada mmoja wa duka la dawa akanionyesha sindano ya geji 23, ile ya kichwa cha bluu. Milimita 0.6 na kitu. Ina tundu tayari. Inakatwa kwa diski ndogo ya kusagia, inasuguliwa kwa msasa, unabandika kitako cha kijiti cha meno na kipande cha raba kilichokatwa kwa wembe kutoka kwenye glavu. Bunduki nzima haifiki sentimita tatu. Nilipomaliza ya kwanza nilimpigia mwenzangu saa sita za usiku, akanitukana vizuri.

Kwa wanaotaka kujaribu: udongo msinunue. Mko Ruiru na Thika, udongo mwekundu mnaukanyaga. Lakini usiuweke jinsi ulivyo. Punje ya nusu milimita kwa 1/35 inakuwa jiwe la sentimita mbili, kwa hivyo uchekeche kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa soksi nyembamba ya nailoni mpaka uwe kama unga. Uchome kwenye sufuria kuukuu kuua mbegu na wadudu, la sivyo utaota majani halisi katikati ya mwaka 1954. Mwagia gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ndiyo inayofanya maji yapenye badala ya kukaa juu kama umande. Paa za nyasi ni kamba ya katani iliyochambuliwa. Kuta za vibanda ni jasi, ile ya mafundi wa dari, imepakwa kwa kidole ili alama zibaki. Seng'enge ni nyuzi za shaba za earphone iliyokufa: sokota mbili pamoja, zungusha ya tatu kila baada ya milimita nne, kata ncha. Mita moja inachukua siku nzima na kuharibu hali ya ndoa, kama unayo.

Watu ndio kazi kubwa. Epoksi ya mafundi wa mabomba, ile ya kukandwa mikono miwili, inachongeka kwa sindano kabla haijakauka. Vichwa vya kwenye maboksi ni vya Kizungu, na kumpaka Mzungu rangi ya kahawia hakumfanyi Mkikuyu. Pua, midomo, mfupa wa shavu, vyote inabidi uvichonge upya kwenye kichwa chenye ukubwa wa punje ya mbaazi. Halafu rangi ya ngozi. Video nyingi za YouTube zinakufundisha kuongeza nyeupe sehemu zinazopigwa na mwanga. Ukifanya hivyo kwa ngozi yetu unapata mtu asiyejipaka mafuta tangu Krismasi. Anza na kahawia iliyokolea yenye wekundu, kisha pandisha kwa kahawia ya dhahabu na tone la chungwa. Ghafla anapata damu.

Kuna jambo la picha ambalo lilinichukua muda kulielewa. Kazi hii inategemea picha za zamani, na picha za Emajensi zipo, nyingi tu, kwenye makavazi na filamu fupi za habari za Waingereza. Unazikuza, unahesabu vigingi, unapima mlango kwa kulinganisha na mtu aliyesimama hapo. Lakini chunguza kamera imesimama wapi. Iko juu ya mnara. Iko nyuma ya afisa. Iko upande wa nje wa seng'enge. Ukifuata picha hizo kwa uaminifu wote utapata diorama sahihi kabisa, kila msumari mahali pake, na mtazamaji wake atakuwa anaangalia kijiji kama mlinzi anavyokiangalia. Na makaratasi pia yalijificha: maelfu ya faili za makoloni zilizopelekwa Uingereza zilikaa kimya mpaka 2011, zilipojitokeza wakati wazee wa Mau Mau wakiishtaki serikali ya huko. Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wazee 5,228 pauni milioni 19.9. Wengi walikuwa wamekufa tayari bila kuona senti.

Kwa hivyo nilianza kutafuta watu badala ya picha. Na hapa Thika Road inasaidia kwa namna ya ajabu, kwa sababu vita hivyo viko kila stegi na hakuna kibao. Chuo Kikuu cha Kenyatta kimejengwa palipokuwa kambi ya Waingereza, Templer Barracks, waliyoikabidhi kwa serikali 1965. Ukikata kushoto hapo Kahawa unafika Kamiti, ambapo Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wanafunzi wanapita hapo na vikapu vya mboga. (Ushauri wa bure: usiende kupiga picha kambi za jeshi za sasa, iwe Kahawa au Thika, ukidhani utaeleza kwamba unaunda mfano wa sentimita kumi. Ni maeneo yaliyolindwa kisheria na askari wa getini hana muda wa skeli. Gwaride la Jamhuri linaonyeshwa kwenye runinga, tazama hapo.)

Jirani yangu ana mama yake mzazi, shosho wa miaka themanini hivi, aliyekulia upande wa Githunguri. Mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka tisa au kumi, ndani ya gichagi. Nilimwomba jirani ruhusa kwanza, maana si kila mzee anataka kufunguliwa mlango huo, na kama hataki, hataki. Yeye alikubali. Nikambebea ubao wenyewe, kijiji kikiwa na vibanda, handaki na mnara, lakini bila mtu hata mmoja aliyebandikwa. Watu walikuwa kwenye sahani ya plastiki: homugadi watatu, askari mmoja, wanaume saba wa kijijini, wanawake wanne, watoto wawili. Nikamwambia, "Shosho, wapange wewe, vile unavyokumbuka."

Aliweka miwani, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akachukua wanaume saba, mmoja baada ya mwingine, akawarudisha kwenye sahani.

"Hawa walikuwa wapi, mjukuu wangu? Baba yangu alikuwa Manyani. Ndugu yake msituni. Mwingine hatukujua."

Akabakiza mzee mmoja tu, akamlaza mlangoni pa kibanda. Homugadi mmoja akampandisha mnarani, wawili akawaweka kwenye lango. Wanawake wanne akawapanga kwenye mstari kutoka langoni, akaniangalia kana kwamba nimemnyima kitu. "Ni wachache. Hapa walikuwa wengi sana." Watoto akawaweka ndani kabisa, kati ya vibanda, mbali na seng'enge. Kisha akauliza mbuzi yuko wapi, akajijibu mwenyewe kwamba mbuzi waliliwa.

Halafu akasimama, kwa shida, akanionyesha kitu ambacho sijakiona kwenye picha yoyote: jinsi mwanamke alivyotembea na mzigo wa kuni kupita mbele ya mnara. Kamba iko kwenye paji la uso, mikono miwili imeshika kamba karibu na masikio, mgongo umeinama mbele, na shingo haigeuki. Haigeuki kwa sababu ya mzigo, na haigeuki kwa sababu ya aliye juu. Nilimwomba arudie, nikapima kwa macho pembe ya mgongo. Mwanawe akamwambia akae chini, atachoka. Hakukaa mara moja.

Wanawake wa namna hiyo hawauzwi kwenye boksi lolote nililowahi kuona, la Tamiya wala la nani. Mifupa yao ni waya wa shaba, nyama ni epoksi, nguo ni karatasi ya mfuko wa majani ya chai iliyolowanishwa kwa gundi, ambayo ikikauka inakaa kama kitambaa kilichochakaa. Kamba ya paji la uso nimeijaribu kwa ngozi ya pochi kuukuu, ikawa nene. Nimeijaribu kwa utepe wa plasta ya kidonda, na huo umekaa. Kuni ni mizizi ile ile ya kahawa yangu, imefungwa kwa uzi mmoja uliotolewa kwenye soksi.

Harvard ya Makongeni imekamilika, imebaki moshi wa injini tu, na mwenzangu ameshaanza kunisumbua kuhusu mahali pa kuonyesha. Mbao zote mbili zinaingia kwenye buti ya Probox, tumepima. Shosho anataka kuona kijiji tena kabla hakijapelekwa popote. Nimemaliza wanawake watano. Nimebakisha kumi na mmoja.